Maneno ya Rangi ya Majivu

Dodoma, 18 Novemba 2024

Mama mkubwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Naamini kifurushi hiki kimekukuta salama na mvua za kwanza zimeshapiga Kibaoni. Huku Dodoma bado ni vumbi. Mawingu yanakuja, yanatuangalia, yanaondoka. Mimi ni mzima, na kile kikohozi ulichokisikia kwenye simu kimekwisha.

Najua utashangaa kupata barua wakati juzi tu tumeongea. Lakini simu zetu unazijua: wewe unasema hatujambo, mimi nasema hatujambo, salio linakata. Na safari hii nina kitu cha kushikwa mkononi, kwa hiyo nimekipakia kwenye basi, na barua imepanda humo humo.

Ndani ya bahasha kubwa kuna karatasi zilizokatwa kwa ukubwa wa simu. Usicheke, ni kazi hiyo. Ofisini kwetu tunatengeneza programu ya simu ya wakulima, inaitwa Jani. Mkulima anapiga picha jani lililoliwa, programu inamwambia ni mdudu gani na afanye nini. Wenzangu wanashughulika na mambo ya ndani. Mimi kazi yangu ni uso wake: mtu akifungua aone nini kwanza, kitufe kikae wapi, kiandikwe neno gani. Kabla ya kuijenga tunaichora kwenye karatasi, tunawapa watu watakaoitumia, nao wanaibonyeza kwa kidole kama vile ni simu kweli. Wakikwama, basi aliyekosea ni mimi. Kuchana karatasi ni rahisi kuliko kubomoa kitu kilichokwisha kujengwa.

Meneja alitaka tuwape watu wa hapa mjini. Nikamwambia watu wa hapa mjini wanayaona mahindi yakiwa yamechomwa tayari. Nikakutaja wewe na kikundi chako cha akina mama.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Waite, umpe kila mmoja karatasi kwa zamu, umwambie, "Una mdudu shambani, fanya." Halafu unyamaze. Usimsaidie hata akikuomba. Angalia kidole kinakwenda wapi, na pale kinapokwama weka alama ya kalamu. Ukimaliza, zirudishe kwa basi.

Nisalimie jirani yako Yustina.

Mwanao,
Method


Kibaoni, 9 Desemba 2024

Mwanangu Method,

Milele amina. Kifurushi kimefika, kondakta alikiacha dukani pale stendi na mimi nikakifuata. Sisi tupo. Mvua imepiga vizuri, mahindi tumeshapanda, mpunga wa bondeni bado. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Yustina goti linamsumbua ila mdomo wake mzima, anakusalimia.

Mkeo Dina hajambo? Kwenye barua hukumtaja.

Kazi yako tumeifanya Jumanne, kwenye ghala la kikundi. Tulicheka mpaka watu wa mashineni wakaja kuchungulia. Minza aliweka karatasi sikioni akasema, "Haloo, mbona hapokei?" Minza humjui. Ni Msukuma, walikuja na mumewe Malale na ng'ombe wao mwaka jana, wanalima kule chini karibu na mto. Kusoma hajui, na Kiswahili anasema kile anachokihitaji tu. Ila ni mtu wa kweli, nimempenda.

Wote wamesema ni nzuri. Mimi nami nasema ni nzuri, umefanya kazi kubwa mwanangu. Sikuona aliyekwama. Kuna mama mmoja tu alisema maandishi mengine yana rangi ya majivu, hayasomeki sawasawa, na ile picha ya jani ina kama moshi. Lakini huyo ni mtu mzima, usihangaike naye.

Krismasi mimi ndiye msomaji wa somo la kwanza. Paroko amesema hataki mwingine.

Kula vizuri.

Mama yako mkubwa,
Bernadetha


Dodoma, 28 Desemba 2024

Mama mkubwa,

Heri ya Noeli. Nilikuwa nakuwaza siku ile saa ya misa, nikasikia kabisa unavyosema "Somo katika kitabu cha nabii Isaya" kwa ile sauti inayowanyamazisha watoto. Huku mvua imekuja yote kwa siku moja, imeingia mpaka ofisini.

Karatasi nimezipata. Niliwasomea wenzangu barua yako, wakapiga makofi. Nikikuambia ukweli, nilitegemea kuona alama za kalamu, na hakuna hata moja. Kwenye kazi yetu watu wote wakisema nzuri, mara nyingi maana yake wanampenda aliyewauliza. Safari hii nisaidie: nitafutie ubaya.

Habari ya rangi ya majivu niliipeleka kwa meneja. Amesema rangi hiyo imechaguliwa na watu wa matangazo, na mtu mmoja si sababu ya kuibadilisha. Picha ya jani nimeichapisha upya kwenye mashine nyingine, naona haina moshi tena. Huyo mama ni nani? Ana miwani?

Nimeweka kurasa nyingine tano. Hizi ni za viwavijeshi: mkulima anaona picha ya kiwavi, anabonyeza, anafika kwenye ukurasa wa dawa. Nataka kujua kama wanafika huko bila kupotea.

Barua yako mistari ilikuwa inapanda mlima. Nikasema labda ile meza imepoteza mguu.

Mwanao,
Method


Kibaoni, 2 Februari 2025

Mwanangu,

Amani iwe kwako. Meza ni nzima. Naandika jioni baada ya shamba, mkono unachoka. Mapacha wa mbuzi wanaruka. Mpunga umeshika. Nimechelewa kukujibu, na utaona sababu. Dina nimemuulizia tena, na wewe tena umenyamaza.

Method, kuna jambo ambalo sikuweza kulisema kwenye simu.

Zile karatasi za viwavi ziliwafurahisha sana watu sababu viwavi tunavyo kweli mwaka huu. Wakafika mpaka ukurasa wa dawa, hawakupotea. Pale mwisho wakaniambia, "Mama, tusomee imeandikwaje." Nikasoma mimi kwa sauti, kama ninavyosoma siku zote. Vifuniko vitano kwa bomba moja. Wakavishika kichwani.

Wengine hawakuwa na dawa. Minza alikuwa nayo. Akapulizia eneo lake lote la juu, vifuniko vitano kwa kila bomba. Baada ya siku chache majani yakaanza kuwa ya kahawia kwenye ncha, halafu yakajikunja. Nimekwenda kuyashika. Yanavunjika mkononi. Bwana shamba amekuja akauliza, "Nani aliwaambia vitano? Hii ni ya kifuniko kimoja!" Watu wakaniangalia mimi.

 Malale anapita hapa na ng'ombe asubuhi, ananisalimia vizuri kabisa, anapita. Angepiga kelele ningejua pa kumshika.

Nakuuliza, mwanangu. Ile dawa mliipima nyie?

Bernadetha


Dodoma, 8 Februari 2025

Mama mkubwa,

Nimekupigia leo, akapokea Yustina, akasema umekwenda bondeni. Nimemwambia na yeye, lakini nataka uwe nayo kwenye maandishi: mtu yeyote asipulizie chochote kwa kufuata karatasi zangu.

Hatukupima. Vile vitano niliviweka mimi, ili ukurasa usiwe mtupu. Tunafanya hivyo kila siku, tunajaza maneno na namba zozote ili mtu aone mahali zitakapokaa. Chini kabisa ya ukurasa niliandika MFANO TU, USITUMIE. Niliandika kwa herufi ndogo, kwa rangi ile ile ya majivu. Kwenye barua sikukutajia. Nilidhani inaonekana.

Nakuja. Nimeomba ruhusa, nitafika kabla mwezi haujaisha. Usiende kwa Malale peke yako, nisubiri.

Method


Dodoma, 9 Machi 2025

Mama mkubwa,

Nimerudi salama. Basi lilisimama Sitalike muda mrefu, abiria wakashuka kuangalia viboko, mimi nikabaki kwenye kiti. Asante kwa karanga na kwa kuku. Asante zaidi kwa kukaa karibu yangu siku ile ya mkutano.

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kuingia ghalani na kusema, "Namba ile niliibuni." Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, na Malale hakuyahitaji. Unakumbuka alivyoniuliza: "Shamba la mama yako ungelipulizia?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi." Minza akaongeza, "Mimi karatasi siijui. Mimi nilimwamini Mama Bernadetha." Na wewe ukasema haraka, "Mimi ndiye niliyesoma, kosa ni langu." Nikasema ni langu. Tukawa tunagombania kosa mbele za watu kama watu wanaogombania mfupa.

Ile mistari ya mahindi tuliyong'oa na Malale imenipa malengelenge mpaka leo. Bwana shamba ameniambia maharage tuliyopanda badala yake yameota pale juu. Nashukuru.

Sasa naandika lile ambalo siku nne zote kwako nilishindwa kulisema.

Mimi nafundishwa kazini kwamba usimuulize mtu kama anaona, mwangalie. Nilikuwa nakutumia wewe uwaangalie wengine, na mimi sikukuangalia. Nilipokaa kwako nikakuangalia. Nilisimama uani asubuhi, nimenyamaza, hatua chache tu kutoka ulipokuwa unafagia, ukafagia mpaka ukagonga kiatu changu. Chai ulinimiminia kidole chako kikiwa ndani ya kikombe, ili ujue imefika wapi. Na Jumapili ulisoma somo la kwanza kitabu kikiwa wazi mbele yako, sauti ile ile, hukukosea hata neno. Mimi nilikuwa kiti cha mbele. Somo lile lilivuka kwenda ukurasa wa pili. Hukugeuza ukurasa.

Yule mama mtu mzima aliyeona rangi ya majivu na moshi kwenye picha ni wewe.

Sikuandikii haya ili kukuhukumu. Maneno yale hata mwenye macho mazima ilibidi ayatafute, na hilo ni langu mpaka kufa. Lakini Mama mkubwa, nasikia madaktari wa macho watakuwa Mpanda mwezi wa Juni. Wengi wenye ukungu machoni wanafanyiwa upasuaji na kurudi nyumbani kesho yake. Kubali nikuandikishe.

Mwanao,
Method


Kibaoni, 27 Aprili 2025

Method,

Anayeandika ni Yustina. Nimemwambia aandike ninavyosema, asipambe.

Tumepata barua yako. Tumekaa nayo Kwaresima nzima mpaka Pasaka imepita. Watu ni wazima, mahindi yanakauka sasa, mpunga unaelekea kuvunwa. Mbuzi mmoja ameliwa na fisi.

Umekuja nyumbani kwangu, umekula, umenichunguza kama karatasi zako. Halafu ukaondoka ukanisema kutoka Dodoma. Ungeniambia pale pale jikoni! Ulikuwa na mdomo. (Hapa nimemuuliza kama kweli niandike. Amesema andika.)

Sasa nakueleza, sababu umeshajua. Yalianza mwaka juzi kama moshi wa jikoni usiotoka. Nikanawa, nikaweka dawa ya duka, ukabaki. Yustina ndiye anayenisomea somo jioni, nalishika kichwani mpaka Jumapili. Ile siku ya karatasi alinisomea pia, kwa haraka, mlangoni, naye hayo maneno ya chini hakuyaona. Nikasoma mbele ya watu kwa kichwa, nimeshika karatasi. Analia sasa. Nimemwambia aendelee kuandika.

Unamkumbuka bibi yako. Wewe ulikuwa mdogo, ulimwona na fimbo yake ukadhani bibi wote wako hivyo. Mimi namkumbuka kabla. Alikuwa ndiye anayeamua kisima kichimbwe wapi, mtoto aitwe nani. Macho yalipokwenda, watu wakaanza kuuliza, "Bibi amekula?" na yeye amekaa pale pale. Hakuna aliyemuuliza yeye. Mtu asiyeona anaongelewa kama ametoka. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa mke wa mtu tayari, kwenye darasa la jioni, natoka shamba na udongo miguuni. Kusoma ndiyo kumenifanya niulizwe. Nikisema sioni, nani ataniuliza tena?

Kwa madaktari siendi. Kisu kwenye jicho hapana. Na nikienda, Minza atajua kwamba nilisoma kitu nisichokiona, na shamba lake likaungua kwa fahari yangu.

Na wewe nawe, kabla hujanitazama, jitazame. Dina nimemuulizia mara mbili kwa barua na mara moja uso kwa uso. Ukanijibu kwamba mvua Dodoma ni chache.

Bernadetha, kwa mkono wa Yustina


Dodoma, 10 Mei 2025

Mama mkubwa, na Yustina anayesoma,

Nimeisoma barua yenu nimesimama, halafu nikakaa. Umesema kweli, nilikuwa na mdomo. Niliogopa kukuona ukiaibika. Kumbe niliondoka nikakuacha uaibike ukiwa peke yako. Nisamehe.

Dina yuko kwao Sumbawanga tangu Oktoba. Tuligombana. Alikuwa akiniuliza jambo, mimi namjibu nikiangalia kompyuta, na siku moja akafunga begi mbele yangu, nikaja kugundua mlango umeshafungwa. Tunaongea Jumapili. Wiki iliyopita alicheka mara moja. Sijui litaishaje, na sikukuambia kwa sababu ulitoa ng'ombe kwenye harusi ile na nilitaka uendelee kufurahi.

Ya kazini: meneja alitaka niandike kwenye taarifa kwamba mtumiaji hakufuata maelekezo. Nikakataa. Nikaandika ilivyokuwa, jina langu nikaliweka juu, nikaisoma mbele ya kila mtu. Yule dada wa matangazo aliyekuwa akiitetea rangi ya majivu ndiye aliyesema wa kwanza, "Tuitoe." Imetolewa. Namba hazikai tena kwenye kurasa za majaribio, na ukurasa wa dawa unatoka mikononi mwetu ukiwa umeshapitiwa na wataalamu wa mimea. Pia utasemwa kwa sauti, mtu akibonyeza. Nilidhani wataniachisha kazi. Bado nipo.

Kuhusu macho sitakusukuma. Nakuambia ninachojua tu. Kama ni ukungu wa jicho, unaondoka. Kama ni kingine, kila mwezi unaosubiri unachukua kitu. Madaktari watakuwa Mpanda kuanzia Juni tarehe tisa, wiki moja. Ukisema hapana, nitakuandikia barua nyingine ya kuuliza mpunga umetoka vipi, na hiyo nayo Yustina atakusomea, na mimi nitaendelea kukuuliza wewe.

Mwanao,
Method


Kibaoni, 6 Julai 2025

Mwanangu Method,

Mwandiko huu ni wangu. Uangalie vizuri.

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mpunga tumevuna, si haba. Maharage ya Minza yametoka vizuri, ameniletea debe. Yustina goti limepoa kwa baridi hii, au labda ni furaha ya kuacha kunisomea.

Nikueleze ilivyokuwa. Yustina alinisomea barua yako. Wiki ile ile nikaenda kwa Minza mwenyewe, kwa miguu, nikifuata uzio wa miiba kwa mkono. Nikamkuta anakamua. Nikamwambia, "Minza, siku ile ya dawa nilikuwa sioni. Nilisoma kwa kichwa."

Akaendelea kukamua. Akasema, "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Siku ya mkutano. Ulikuwa unamwomba Malale msamaha. Unaongea, unaongea, unaangalia kiti chake. Malale alishatoka kwenda kwa ng'ombe."

Method, nilitaka ardhi inifunike. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema kwao mtu mzima hatajiwi kilema chake, au neno la namna hiyo, sikulishika vizuri. Halafu akauliza, "Madaktari lini?" Yustina alishamwambia, huyo mdomo wake nilikuandikia.

Nikasema siendi. Akasema, "Mimi nina dada Mpanda. Tunakwenda kumsalimia." Hakuuliza. Siku ya safari alikuja amevaa kitenge kipya, amebeba maziwa kwenye dumu, akanishika mkono mpaka ndani ya basi. Yule aliyeunguziwa shamba ndiye aliyenishika.

Pale hospitali kulikuwa na watu wengi wamekaa na kadi shingoni. Daktari kijana aliniwekea taa machoni. Halafu akanieleza mwenyewe, mimi, si Minza. Hilo nililipenda. Jicho la kulia ni ukungu, linatengenezeka. La kushoto lina ukungu na presha pamoja, na presha ya jicho imeshakula uwezo wake wa kuona. Akasema, "Mama, ungekuja mwaka jana." Nikamwambia mwaka jana nilikuwa na kazi ya kuficha. Akacheka, ila mimi sikucheka.

Kisu hakikuuma. Kinachouma ni kusubiri. Kesho yake walipofungua, kitu cha kwanza nilichoona ni uso wa Minza. Ni mdogo! Nilidhani ni mwanamke wa umri wangu, kwa ile sauti yake. Ni binti kabisa, ana chale mashavuni na jino moja limekatika. Nimekaa naye karibu miaka miwili na sikuwahi kumwona vizuri. Nikamwangalia mpaka akaona aibu akajifunika na kitenge.

Mambo mengine nimeyaona ambayo sikuyaomba. Kuta za nyumba yangu ni chafu na hakuna aliyeniambia. Shamba langu la nyuma nililokuwa nawasifia watu lina kiduha tupu, lile gugu linalonyonya mahindi, na walikuwa wananiitikia ndiyo ndiyo. Yustina amezeeka. Mimi pia.

Jumapili iliyofuata sikusoma. Nilimwambia Paroko mbele ya wasomaji wote sababu yake, na kwamba nitarudi miwani ikija. Alichofanya ni kuniuliza, "Mama, wewe unaona nani asome badala yako?" Nikasema Yustina, maana masomo yote ya mwaka anayajua.

Sasa kazi yako. Zile kurasa mpya ulizotuma nimezikalia siku mbili na jicho langu moja. Ukurasa wa kwanza, mwanangu, ni mbaya. Umeweka picha ya mwanamke anacheka ameshika hindi, amejaza nusu ya simu, na hana kazi yoyote. Mtu mwenye viwavi hacheki. Mtoe. Kitufe chako kimeandikwa "Wasilisha." Minza alipoambiwa ni neno gani akauliza kama ni jina la mtu. Andika "Tuma." Ile sauti ya dawa uliyotutumia kwenye simu inakwenda mbio kama mtangazaji wa mpira, na ikimaliza haina mahali pa kuirudisha. Mengine yapo kwenye karatasi zenyewe, nimeziharibu kwa kalamu nyekundu kama ulivyotaka.

Akina mama nao wamekubaliana jambo. Hawatafanya tena kwa kunitumia mimi. Kila mmoja atashika yake na atasema yake, na wewe uwepo. Wanasema mtu akitaka kujua wanachofikiri aje akae nao.

Dina aje naye kama atakubali. Kama hatakubali, njoo hivyo hivyo, usimwite kwa kunisingizia mimi.

Nimalizie na siku tuliyorudi. Tulishuka hapa stendi jua likiwa bado juu. Jicho lilikuwa linatoa machozi kwa mwanga, Minza amenishika kiwiko kama tulivyokwenda. Watu wa dukani wakamuuliza, "Mama anaendeleaje?" Wakamuuliza yeye, mimi nimesimama hapo hapo. Nikawajibu mimi. Halafu tukaanza njia. Tulipofika pale inapogawanyika nikamwambia, "Minza, niachie sasa."

Akaniachia. Nikatangulia polepole, naangalia kila jiwe. Nyuma nilisikia ndala zake, hazikunikaribia na hazikusimama, mpaka nikafika mlangoni kwangu.

Mama yako mkubwa,
Bernadetha